Nesi Niliyemwacha Nje ya Muujiza Wangu

Tangu nirudi, marafiki wa Kanombe na wa Kacyiru hapa Kigali mmekuwa mkinisimamisha njiani na swali moja: "Mwalimu, huko Singida kulitokea muujiza?" Mnauliza huku macho yanameta, kama watu walionusa pilau kwa jirani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote, na atakayekasirika akasirike kwa wakati wake.

Kwa asiyetujua: nina miaka sabini na miwili, ni Mbahai tangu utoto (sisi Wabahai huitana marafiki), nililelewa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko. Baadaye nikarudi Kigali, nikafundisha kemia hadi nikastaafu. Mdogo wangu Deogratias hakurudi. Alioa Singida, akafungua kinu cha kukamua alizeti, akabaki huko na kinu chake na mkewe. Ana kisukari. Kidonda kidogo cha mguu wa kushoto kiligeuka cheusi, madaktari wakamwambia pakatwe. Akakataa. Alisema anasubiri sala ifanye kazi, kwa sababu kaka yake aliwahi kuponywa kwa sala tupu.

Kaka yake ndiye mimi.

Hadithi hiyo mnaijua, kwa maana nimewalisha kila mara tunapokutana kwenye karamu yetu ya kila siku kumi na tisa, sala zikiisha na chai ikimiminwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, malaria ikapanda kichwani, siku tatu sijitambui. Marafiki wakajaa sebuleni kwa baba, wakasoma sala ya uponyaji kwa zamu. Siku ya nne nikafumbua macho nikaomba uji. Ni hadithi nzuri. Ina kasoro moja tu: nesi hayumo, na nesi alikuwapo. Alikuja kwa baiskeli kutoka zahanati, mara tatu kwa siku, akanichoma sindano za kwinini. Mama aliniambia. Mwanzoni nilikuwa namtaja, lakini nikaona kila nikifika kwenye sindano watu wanapoa, wanaanza kutafuta vikombe vyao. Nikaifupisha sehemu hiyo. Mwaka mwingine nikaiacha kabisa. Mwalimu wa kemia, marafiki zangu, akaacha kemikali pekee iliyokuwamo katika hadithi yake.

Deo alikuwa na miaka mitano wakati huo. Hakumwona nesi. Anachojua ni nilichomwambia.

Nilimpigia simu nikamweleza yote. Akacheka. "Hayo maneno amekupangia Zainabu," akasema, akimtaja mkewe. "Kaka, habari hiyo umenisimulia tangu niko mtoto, nakutazama usoni. Leo nikuamini kwenye simu?" Akakata. Basi nikaenda anitazame usoni.

Nyabugogo hadi Rusumo

Marafiki saba walinisindikiza hadi stendi ya Nyabugogo, na kila mmoja alikuja na kitu. Mayai ya kuchemsha, nashukuru. Blanketi, nashukuru. Rafiki mmoja, simtaji kwa kuwa atajitambua, aliniletea bahasha ya maua makavu aliyoyaokota alipokwenda kuhiji, akaninong'oneza kwamba nimwekee Deo juu ya kidonda. Huyo ana shahada mbili. Nikamshukuru kwa moyo, nikayatia ndani ya kitabu, mbali na kidonda chochote.

Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mfanyabiashara wa vipuri vya magari kule Gatsata. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Jina lake Mama Spesioza. Kabla basi halijapanda mlima alikuwa ameshaniuliza umri, idadi ya watoto, na kwa nini mzee kama mimi anasafiri peke yake.

"Nakwenda kumwomba mdogo wangu akubali kukatwa mguu."

"Eh! Wewe ndiyo daktari?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemzuia."

Akanitazama juu ya miwani, akachukua yai langu moja bila kuuliza, akaanza kulimenya. "Endelea," akasema. Lakini sikuendelea. Nilikuwa bado naionea haya hadithi yangu, na aibu kama hiyo haidumu sana kwa mtu mwenye ulimi kama wangu, kama mtakavyoona.

Rusumo tulivuka vizuri. Ng'ambo ya daraja magari yote huacha upande wa kulia wa barabara na kushika wa kushoto, na saa ya mkononi hupoteza saa nzima, na hakuna anayepiga yowe. Watu wanafuata mishale iliyochorwa. Nilimwonyesha Mama Spesioza jambo hilo kama hekima. Akajibu, "Mzee, mimi nimepita hapa mara mia. Kula yai."

Rusumo hadi kando ya barabara

Pale Benako alipanda mhubiri. Suti ya bluu inayong'aa, begi lenye chupa ndogondogo zilizogongana kila tulipopita tuta. Watu wakamwita Mtumishi kabla hajaketi. Alianza na wimbo, akaendelea na sala ya kufunika barabara, kisha akatoa chupa: mafuta ya upako, kwa tumbo, mgongo, ndoa na hati za mashamba. Alimfungulia bibi wa kiti cha mbele ili anuse. Harufu ikatufikia. Nimelala mara nyingi kwenye nyumba ya Deo kila nikimtembelea, naijua harufu ya alizeti mbichi hata nikiwa na mafua. Nikatabasamu kwa ujeuri wa mtu msomi. Mungu alikuwa ananitayarishia somo, na hakuwa na haraka.

Tulipokuwa tumeuacha mji wa Ushirombo nyuma yetu, moshi ulianza kutoka kwenye gurudumu la nyuma, na harufu ya chuma kilichoungua. Dereva akasimamisha. Tukashuka wote kwenye jua. Mtumishi akaweka mikono juu ya bodi ya basi, akaanza kumkemea shetani wa ajali kwa sauti kuu, na abiria nusu wakamsaidia.

Mama Spesioza alikunja kitenge chake, akapiga magoti kwenye vumbi, akachungulia.

"Pastori," akasema, "shetani hakuna hapa. Hapa iko beringi."

"Mama, usizuie upako!"

"Sizuii. Wewe omba, lakini hii beringi imekufa, na ukiiombea haitafufuka. Konda! Chukua pikipiki, rudi Ushirombo, tafuta fundi na beringi. Uwatajie aina ya hii basi wajue saizi, usije na ya gari la kuku."

Konda alienda. Tukakaa kando ya barabara kuanzia kabla ya adhuhuri hadi alasiri. Watoto wa kijiji wakatuletea viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, tukanunua vyote. Mtumishi, akiwa hana tena kazi kwenye gurudumu, akaanzisha ushuhuda. Mmoja aliokoka ajali ya lori. Mwingine alipata kazi aliyonyimwa mara nne. Kisha bibi wa kiti cha mbele akanigeukia: "Na wewe baba? Dini yenu hiyo ya Bahai, ina miujiza?"

Marafiki, nawaeleza jinsi ilivyokuwa. Nilifungua kinywa ili niseme kwamba sisi tunafundishwa kuwa dini na sayansi hazigombani, kwamba mgonjwa aombe na pia aende kwa tabibu hodari, kwamba muujiza si hoja kwa ambaye hakuuona. Nilikuwa na maneno hayo yote tayari. Kilichotoka ni: "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, malaria ikanipanda kichwani..."

Nikasimulia yote. Siku tatu. Sebule imejaa. Uji. Bila nesi. Nilikuwa safarini kwenda kumrudisha nesi huyo, nami nikamwacha tena kando ya barabara ya Ushirombo! Watu wakapiga makofi. Mtumishi mwenye chupa za alizeti akanikumbatia, akaniita mtumishi mwenzake. Nikaona kwamba nilistahili.

Mama Spesioza hakupiga makofi. Alingoja watu watawanyike, akaja kukaa karibu nami juu ya jiwe, akavua viatu.

"Mzee, nikuulize. Kwa nyumba yetu tulikuwa kumi na moja. Hiyo mwaka ya tisini na nne. Tulisali wote, baba alituongoza, alikuwa anajua kusali kuliko pastori huyu. Nimebaki mimi. Watu wananiambia: Spesioza, Mungu alikuchagua, wewe ni muujiza. Sasa hawa kumi, walisali vibaya?"

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

Nina majibu. Nimesoma miaka hamsini, na mnajua jinsi ninavyoyapanga: kwamba dunia hii ni kama tumbo la mama na roho inazaliwa kwingine, kwamba mateso hukuza, kwamba haki ya Mungu ni ndefu kuliko maisha ya mtu. Nayaamini hayo, sijaacha hata moja. Lakini mwaka huo mimi nilikuwa Karagwe, nakula ndizi za shambani kwetu. Nikayaacha hapo.

"Hawakusali vibaya," nikasema. "Na hadithi yangu ni ya uongo."

Nikamwambia habari za nesi, na za Deo na mguu wake. Alisikiliza akitikisa vumbi kwenye viatu. Kisha akacheka, si kicheko cha kunifurahisha.

"Basi hii safari yako iko bure, mzee. Utafika kwa ndugu yako, utasema tena vile vile. Ulimi umezoea barabara yake. Anza. Niambie mimi. Nesi akiwa ndani."

"Hapa?"

"Unangoja beringi, si ndiyo? Anza!"

Nikaanza. Nilipofika sebuleni akanikatiza: "Nesi yuko wapi?" Nikarudi. Nikamtia nesi, nikaitia baiskeli. "Alikuja mara ngapi?" Tatu. "Alichoma wapi?" Nikasitasita. "Mzee, nimezaa watoto watano, sema." Kwenye paja, nikasema, na moja ya sindano ilitunga usaha, kovu lake ninalo hadi leo, shimo la kuingia kidole gumba. Akapiga paja lake mwenyewe kwa furaha. "Ushahidi umeukalia miaka hamsini, halafu unakwenda kumwambia ndugu yako maneno matupu! Jina lake nani, huyo nesi?"

Sikulijua. Nilijua majina ya wote waliosoma sala, kumi na wanne, na mpangilio wa zamu zao. La nesi sikuwahi kuliuliza.

Fundi alifika na beringi mbili. Mama Spesioza aliikataa ya kwanza kwa kuitazama tu. Gurudumu lilipofungwa na basi kunguruma, abiria walishangilia na Mtumishi akainua mikono: muujiza! Akauza chupa sita pale pale. Fundi alikuwa bado chini ya basi anaokota spana zake, na dereva alilazimika kupiga honi ili atoke tusije tukamkanyaga.

Kahama hadi Singida

Kahama nilishuka na njaa. Niliagiza ndizi na maharage, kama ambavyo ningefanya kwetu. Binti wa mgahawa akaenda, akarudi na sahani ya maharage na juu yake ndizi mbivu mbili, zimemenywa vizuri, zimelazwa kama watoto mapacha. Hakuwa akinidhihaki. Alidhani ndivyo Wanyarwanda wanavyokula. Watu wa meza ya jirani waliacha kula wakatazama kama nitazila. Nikazila. Shukrani ni ibada, hata ikiteleza kooni.

Baada ya hapo nililala, na sina la kusimulia. Singida nilishuka asubuhi. Mama Spesioza alinipungia mkono dirishani na kunipigia kelele mbele ya stendi nzima, "Mzee, usisahau paja!" Watu wakanigeukia. Nikachukua begi langu na kuondoka kwa heshima yote niliyobaki nayo.

Nyumbani kwa Deo

Shemeji Zainabu alinipokea mlangoni. Ni Mnyaturu, Mwislamu, na katika miaka thelathini ya ndoa hajawahi kubishana nasi juu ya dini. Siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu shemeji. Ingia uone kazi yako."

Harufu ilinifikia kabla ya sauti. Deo alikuwa amelala sebuleni, mguu juu ya mto, umefunikwa shuka safi. Ukutani palibandikwa karatasi ya zamu: majina ya marafiki wa Singida, nani asome sala saa ngapi. Ilikuwa zamu ile ile ya kwa baba yetu, kwa mpangilio ule ule, kama nilivyoisimulia. Waliiga hadithi yangu yote. Walikuwa hata wametenga unga wa uji.

"Kaka!" Deo akasema, uso umekonda lakini umechangamka. "Umekuja kusoma zamu yako?"

"Nimekuja kukwambia usoni. Kulikuwa na nesi."

"Tulishayazungumza kwenye simu."

"Nitazame."

Akanitazama. Nikaanza, na ninakiri kwamba hata hapo ulimi ulitaka kuruka. Nilijilazimisha kama mtu anayemvuta punda mtoni. Baiskeli. Mara tatu kwa siku. Kwinini. Deo alitikisa kichwa. "Unanionea huruma," akasema. "Zamani hukuwa mwongo, kaka. Uzee umekuharibu."

Basi nikafungua mkanda. Shemeji Zainabu akageukia ukutani haraka na kuanza kusoma karatasi ya zamu kama hajawahi kuiona. Nikashusha suruali, mimi mzee wa miaka sabini na miwili, niliyewahi kuongoza mikutano ya walimu, nikamgeuzia mdogo wangu paja. Deo akalitazama lile shimo. Akanyoosha kidole, akaligusa. Yeye mwenyewe hujichoma insulini kila siku. Hakuhitaji kuelezwa kovu la sindano.

"Vaa," akasema taratibu.

Nilivaa.

"Ilikuwa nzuri zaidi bila nesi," nikasema. "Ndiyo sababu pekee."

"Miaka yote hiyo!" Sauti ikampanda. "Mimi nalala hapa naoza, najilaumu kwamba imani yangu ni ndogo kuliko yako, kila asubuhi nainua shuka naona bado ni cheusi, najiambia, Deo, husali kama kaka yako. Kumbe kaka yangu alichomwa sindano!"

"Na walisali pia. Vyote viwili."

"Hivyo vyote viwili ungeniambia nikiwa na vidole vitano!"

Shemeji Zainabu hakugeuka. Alisema akiitazama karatasi, "Mwezi mzima nampikia mtu anayesubiri mguu uchipue kama muhogo. Begi la hospitali liko nyuma ya mlango tangu wiki ya kwanza. Teksi niite au niendelee kusoma majina?"

Deo alifunga macho. Midomo yake ilicheza kidogo, na nadhani alikuwa anasali, na sijui alimwambia Mungu nini juu yangu.

"Ita," akasema.

Wodini

Daktari wa upasuaji alikuwa dada mfupi mwenye kandambili za kijani. Alifunua shuka, akabonyeza hapa na pale, akapanda hadi kwenye goti. Hakututazama.

"Tutakata chini ya goti," akasema. "Mungu akijalia litabaki goti, litamsaidia kwenye mguu wa bandia."

Nikauliza swali ambalo mtu mwenye busara haulizi. "Kama tungekuja mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita? Tungekata vidole viwili tu. Angerudi kazini kwa ndala."

Deo alisikia. Alinitazama, kisha akatazama dari.

Goti lilibaki. Siku ya tatu homa ilishuka, rangi ikamrudia, akaomba chai ya tangawizi na kumgombeza shemeji kwamba haina tangawizi. Jioni ile marafiki wa Singida wakaja wodini, wote wa ile karatasi ya zamu, na matunda na nyuso za furaha. Mkubwa wao, mzee mwenye sauti nzuri ya kusomea, akashika ukingo wa kitanda na kusema kwamba kwa kweli ni muujiza, Deo yu hai, sala zimejibiwa, na habari hii lazima isimuliwe kwenye karamu ijayo.

"Ndiyo," akasema Deo. "Isimuliwe. Kaka yangu yupo, ndiye msimulizi. Kaka, waambie."

Nilisimama kati ya vitanda. Nikasimulia Karagwe, sebule, sala, na nesi kwa baiskeli yake, ambaye sijui jina lake. Nikasimulia kwinini na kovu. Nikasema jinsi nilivyomwacha nje kwa kuwa watu walikuwa wakitafuta vikombe. Nikasimulia simu, safari, na daktari mwenye kandambili za kijani aliyeokoa goti. Nilisema kwamba namshukuru Mungu kwa goti hilo, na namshukuru kwa kweli, hata leo. Nikaona nimemaliza vizuri. Mzee mwenye sauti nzuri alikuwa ameanza kufungua kitabu cha sala.

"Vidole, kaka," akasema Deo kutoka kitandani. "Umeruka vidole viwili."

Nikarudi nyuma, nikavisema.